Mafuta Ambayo Hayajamwona Samaki

Saa tatu asubuhi, nyuma ya jiko la hoteli, Mama Chujio anachovya kijiko kwenye dumu, anamimina mafuta juu ya sahani nyeupe na kuyanusa. Mpishi mkuu, mume wa mdogo wake, amesimama mlangoni akijifuta mikono mikavu.

"Shemeji, haya mafuta hayajamwona samaki."

"Na weusi wote huo?"

"Huo ni unga uliounguzwa. Mimi si wa kuja jana."

Mpishi anacheka, kisha anatazama chini.

Mama huyu wa miaka 51 hukusanya mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia na kuyapeleka kwenye kiwanda kinachoyageuza kuwa dizeli. Uchafu uliokuwa ukiziba mitaro sasa unaendesha malori, na hilo ni jambo jema. Ila kiwanda hununua mafuta machafu kwa bei inayozidi ya mapya dukani, na wajanja hawakukawia kuliona hilo, wakaanza kuuza mapya kama machafu.

Naye aliwahi kuingizwa mjini. Miaka mitatu iliyopita alipokea madumu kumi na tano ya mafuta ya mawese, safi ajabu.

"Nilimshukuru Mungu, nikadhani wapishi wamestaarabika," anasema.

Wiki ileile mama yake, anayeishi kando ya msitu, alimpigia simu. Miti ilikuwa imekatwa ili kupanda michikichi ya mawese, na chemchemi yao ilikuwa inakauka.

"Niliona aibu, jamani. Najisifu natunza mazingira, kumbe nawatafutia soko waliofyeka msitu wa mama."

Leo kukataa si rahisi. Jiko hili humpa nusu ya mzigo wake, na kiwanda kimemwonya kwamba akishuka chini ya lita mia nane kwa wiki, kazi atapewa mwingine. Hata hivyo anafunga dumu na kulisukuma kwa shemeji yake.

"Hili silibebi. Nipe la kweli, hata kama ni kidogo."

Mpishi anaingia ndani, anarudi na ndoo isiyofika hata nusu, inayonuka samaki hasa.

Mwezi ujao Mama Chujio atakwenda kiwandani na ombi ambalo wenzake wanaliona la kichaa: mafuta machafu yanunuliwe kwa bei ya chini kuliko mapya.

"Kipato changu kitapungua, najua," anasema, akimimina ile ndoo polepole kwenye chujio lake la bati. "Lakini mama ana miaka themanini. Akachote wapi maji?"