Mtoni kwa Babatu

Kila alfajiri Tulinagwe alisimama pale njia ya mtoni inapokunja, akakohoa mara mbili, akageuzia uso migombani. Alingoja kidogo ndipo akashuka na beseni lake. Waliohamia Ibighi juzijuzi walidhani ana kifua. Wenyeji walijua. Zamani, saa hizo, baba mkwe wake alikuwa akinawa uso pale chini, na mke wa mwana hakutani na baba mkwe ana kwa ana. Mzee alishazikwa miaka ishirini na sita, lakini miguu ya Tulinagwe haikuwa imepewa taarifa.

Mzee huyo aliitwa Ambindwile. Tangu siku aliyoolewa, Tulinagwe hakuwahi kulitamka jina hilo. Hata maneno yaliyolikaribia aliyazunguka, ndiyo maana kwake njia haikupinda, ilikunja. Kwao ndivyo mwanamke anavyomheshimu aliyemzaa mumewe. Jina likihitajika, humtazama mtu mwingine, na huyo mwingine hulisema kwa niaba yake.

Mzee alipakuta pale pana vichaka na utelezi. Akalaza magogo mawili ya kuvukia, akabingirisha mawe bapa kutoka juu, akayapanga ukingoni moja moja kwa miaka. Basi wanawake waliotoka vijijini na ndizi vichwani wakapata pa kutua. Waliosha mikungu, wakanawa matope miguuni, wakavaa viatu vyao vya mjini kabla ya kupanda kwenda soko la Tukuyu. Siku za soko paliuzwa mtindi na magimbi ya kuchemsha. Watu walichumbiana pale, wakagombana pale. Mahali pakaitwa kwa Ambindwile. Tulinagwe yeye alisema "kwetu chini".

Kisha likajengwa daraja la zege huko juu, magari yakaanza kubeba ndizi, na mtoni pakapoa. Hakuna aliyetangaza msiba. Walibaki wafua nguo, na baadaye vijana wa kuosha bodaboda, maji yakawa na rangirangi za mafuta. Mume wa Tulinagwe akafariki, mwanawe Yona akaenda Tunduma kutafuta maisha. Yeye akabaki kwenye jiwe la kwanza, akifua na kuosha ndizi za mama ntilie.

Mwaka jana wakaja watu wa mradi. Wakasema shughuli zote zihame mita sitini kutoka kwenye maji. Yatajengwa makaro ya zege yenye bomba, na kila ukoo uliokuwepo tangu mwanzo utapata karo lake, na jina la ukoo litaandikwa juu. Tulinagwe hakulala vizuri kwa furaha. Hakutaka kingine duniani ila karo hilo, lenye jina la mzee.

Karani wa mradi alikuwa Farhan, kijana wa Tanga, mpole, anaamkia mpaka watoto.

"Shikamoo mama. Hapa mtoni alipaanzisha nani?"

"Marahaba. Ni baba."

"Baba nani?"

"Baba tu."

Waosha pikipiki wakaangua kicheko. Mmoja wao, Sunday, akasema, "Andika Baba wa Mbinguni, kaka, umalize kazi."

"Gwe Sunday," Tulinagwe akamwambia, "nimekuogesha hapahapa, makamasi yanafika kidevuni. Nyamaza."

Akageuka akamtazama Jairo, jirani yake wa jiwe la pili, mtu mzima, analijua jina vizuri. Akamtazama vile inavyotakiwa. Jairo akainama kufunga kamba za viatu, na kamba hizo zikachukua muda. Farhan akaandika kwenye kishikwambi chake, akashukuru, akaenda kwa mwingine.

Angeweza kumtuma mtoto yeyote amfuate karani. Alisema atafanya kesho. Na kesho akasema, ah, nani Ibighi hii asiyelijua jina lile?

Baada ya mwezi likapita gari la matangazo: ukoo wa Babatu ujitokeze, kuna karo lao. Tulinagwe alilisikia akiwa anaanika nguo. Akamwambia shoga yake Atupele, "Watu gani hao hata kwao hawakujui?" Wakawahurumia.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Farhan akasoma, "Karo namba moja, ukoo wa Babatu. Walitangaziwa siku thelathini, hawakujitokeza. Karo linahamia kwa jirani wa jiwe la pili, mzee Jairo."

Watu wakapiga makofi. Tulinagwe naye alipiga, mara mbili au tatu, mikono ikasimama hewani. Babatu. Baba tu. Akainuka.

"Mwanangu, hakuna Babatu."

"Mama, uliniambia mwenyewe pale mtoni."

"Nilikuambia baba, basi. Jairo, mwambie."

Jairo akajikuna shingo. "Mama Yona, mimi nilijua utasema mwenyewe."

"Ulijua siwezi."

Atupele alikuwa ameanza kuinuka ili amsaidie, lakini Tulinagwe hakungoja. Miaka arobaini na tisa alikuwa amelihifadhi jina lile. Akalisema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida tu.

"Aliitwa Ambindwile."

Wanawake wa rika lake wakainamisha vichwa. Atupele akajifunika uso kwa kitenge.

Farhan aliweka kishikwambi mezani. Ilionekana anaumia kweli. "Mama yangu, ungenitajia siku ile. Orodha imeshasainiwa, imekwenda juu. Mimi siwezi kuigusa tena."

Tulinagwe akabaki amesimama. Heshima ya mzee ameivunja, na karo limekwenda hivyohivyo. Kama angenyamaza leo, angebaki angalau na moja. Kama angesema siku ile, angebaki na lingine. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru karani, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Atupele alimwekea nafasi kwenye benchi, akidhani ametoka kupunga upepo. Farhan akaendelea, karo namba mbili, namba tatu. Wakati huo Tulinagwe alikuwa ameshafika barabarani, akashika njia ya Matwebe kwa binti yake Anneth, na kule mtoni hakurudi tena.