Safu ya Tatu kwenye Fomu ya Miche

Mtu anayevaa soksi nyeupe Mpanda mwezi wa Oktoba, mimi simheshimu. Yule mtaalamu wa miti, aliyetumwa kukagua miche ya mradi, alizivaa siku zote tatu alizokaa kwetu. Alikuwa analala gesti ya Makanyagio, asubuhi analetwa na Land Rover mpaka ukingoni mwa eneo la miti, anashuka kama mtu anayekanyaga mayai.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa miezi saba mgongoni, na cheti cha kidato cha nne ambacho kilikuwa kimenifaa kwa kitu kimoja tu: kupata kibarua cha kuhesabu miche. Mradi ulikuwa umepanda mininga juu ya chemchemi yetu, upande wa nje wa Nsemulwa, mahali ambapo miti yote ilikatwa kukaushia tumbaku. Miti ilipoisha, maji nayo yakaanza uchoyo. Kiangazi tulikuwa tunachota kwa kikombe, nusu maji nusu tope. Mwanamke mwenye mtoto wa nepi akisimama foleni ya namna hiyo, asiambiwe habari za mazingira. Anazijua.

Na wakulima wa tumbaku walikuwa wanalikodolea macho lile eneo. Kijiji kilishasema wazi: miche ikifa, eneo linagawiwa, linalimwa. Kwa hiyo wote tulijua ile fomu ya kuhesabia miche inabeba nini. Asiyejua ni yule aliyeitengeneza.

Fomu ilikuwa na namba ya kigingi, urefu wa mche, halafu safu mbili: Hai, Umekufa. Basi. Wakati wa mvua nilijaza Hai mpaka mkono ukauma. Ilipofika Agosti nikaona vijiti vitupu, vimekauka hadi chini, mstari baada ya mstari. Nilirudi nyumbani nimenywea. Mama mkwe wangu, Mkonongo aliyekulia porini kwenye mizinga ya nyuki ya baba yake, alikuwa anapepeta mahindi. Alinicheka.

"Mininga midogo inalala, mwanangu. Huku juu inakufa, huko chini inanenepa. Mvua ikinyesha inaamka. Inafanya hivyo miaka na miaka, mpaka siku itakayopata nguvu ya kusimama."

Sikumwamini. Shule ilikuwa imenifundisha kutomwamini mtu anayepepeta mahindi. Kesho yake nikaenda na kijembe, nikafukua pembeni ya kijiti kimoja, nikaukuta mzizi umejaa, mbichi kabisa. Nikaufukia. Nikachukua rula nikachora safu ya tatu kwenye kila karatasi, nikaandika juu yake: Umelala.

Mtaalamu alipozifikia karatasi zangu alisimama.

"Nani amechora hii?"

"Mimi."

"Mama, miti hailali. Wanaolala ni watu na kuku."

Dereva akacheka. Lakini aliyecheka kuliko wote ni msimamizi wetu wa mradi, mzaliwa wa pale pale, ambaye alichunga mbuzi kwenye miti ya aina hiyo hiyo na alijua kila nilichoandika. "Hawa akina mama, bosi," akasema. "Ukiwapa kalamu wanaanza kutunga hadithi." Mtaalamu nilimdharau kwa sababu hakujua. Huyu nilimdharau zaidi, kwa sababu alijua.

Mtaalamu akainama, akakwangua kijiti kwa ukucha, akaona kahawia. "Umekufa." Akaenda cha pili. "Umekufa." Hakuwahi hata kupiga goti. Angewezaje, na zile soksi?

"Chimba," nikamwambia.

"Sijaja kuchimba. Nimekuja kuhesabu."

"Basi nachimba mimi."

Nikapiga kijembe na mtoto mgongoni analia. Ardhi ya Oktoba ni tofali, nyie mnaijua. Nilipoufikia mzizi, mnene kama kidole gumba cha mwanaume, nikaukata kwa ukingo wa jembe. Mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu. Ulitoka taratibu, ukakaa kama damu ya mtu aliyejichoma mwiba.

"Huo ni utomvu tu," akasema.

"Maiti ina utomvu?"

Dereva safari hii hakucheka. Mtaalamu aliangalia mzizi, akaangalia fomu, akaangalia gari. Halafu akasema, "Huu sasa umeuua mwenyewe," akauandika kwenye safu ya Umekufa. Ilikuwa kweli. Katika siku tatu hicho ndicho kitu pekee alichokiandika kwa usahihi. Miche iliyobaki akaiacha wazi, eti mpaka arudi Desemba.

Desemba alirudi, hakushuka. Kulikuwa na tope. Majani yalikuwa yamechomoza kwenye kila kigingi, na msimamizi alimweleza dirishani kwamba mininga, bosi, ina tabia ya kulala. Alisema bila hata kukohoa. Fomu mpya zikaja na safu zile zile mbili, na kazi ya kuhesabu akapewa shemeji yake msimamizi.

Kibarua sikukililia. Nilichokiona ni kwamba Agosti itarudi, vijiti vitakauka, na shemeji mtu ataandika Umekufa kuanzia kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho, eneo litagawiwa, na sisi tutaanza kuchota maji kwenye shamba la tumbaku. Nikawapitia wanawake wenzangu wa chemchemi nyumba kwa nyumba. Tukaenda ofisi ya kijiji, tukamtaka mwenyekiti aandike kwenye daftari la kijiji: hakuna kugawa lile eneo kwa hesabu iliyofanywa kabla ya mvua.

"Hilo mpaka lipite kwenye mkutano," akasema. "Njooni wiki ijayo."

Tukakaa mlangoni na ndoo zetu, watoto wakalia, mmoja akajisaidia kwenye kizingiti. Saa nane mchana akaomba kalamu. Aliandika vibaya. Nikamsahihishia.