Betri za Redio ya Baba

Mimi hakuna cha kunishtua; nina mashine mbili za kukoboa hapa Mpanda, na shule sikumaliza. Ila juzi nilimkuta binti yangu anasomea mtihani wa umeme, nikasikia tena harufu ile ya siku zangu za shule.

Enzi hizo, kesho yake ilikuwa mtihani wangu wa umeme, na balbu yangu ya majaribio iligoma kuwaka, betri zimeisha nguvu. Baba alishasema, "Ukifeli, shamba la tumbaku linakusubiri." Betri zenyewe, za redio yake, tulizoea kuzianika juani zipate nguvu, lakini siku ile mawingu yalitanda. Nikaona joto ni joto tu, nikazichemsha kwenye sufuria ya mama. Zikapasuka, zikatoa uji mweusi unaonuka.

"We mtoto, nitapikia nini mie?" mama alilia.

Nilifeli. Pesa yangu ya kwanza ya tumbaku ilimnunulia mama sufuria: shilingi elfu tatu na mia tano.