Mistari Myeusi Pembeni mwa Harusi Yangu

Mimi, shemasi mzee, nilimwaibisha Maman Neema mbele ya wateja wake katika soko la Kamembe. Nilisema kwa sauti kwamba ameniuzia televisheni mbovu, maana video ya harusi yangu ilionyesha mistari mipana myeusi kushoto na kulia.

Alinifuata nyumbani kwa utulivu, akaweka taarifa ya habari. Picha ikajaa kioo chote.

"Papa Shemasi, televizyo ni nzima. Kamera za zamani zilipiga picha za mraba, na kioo hiki ni kipana. Nikiivuta ijae, bibi arusi atanenepa."

Akaivuta. Mke wangu akapanuka kama pipa. Nilimshukuru Mungu kwamba mwenyewe alikuwa kwenye kwaya.

"Sasa turudi sokoni," akasema Maman Neema, "useme kwa sauti ile ile, bantu basikie."

Kabla hatujafika, nilikuwa nimeshavua kofia.