Niliyaaga Mafuta Nikidhani Nayapokea

Nilikwenda Toronto kufuta makala yangu mwenyewe. Wengine husafiri kwa matibabu, kwa harusi, kwa shahada ya pili. Mimi niliitwa na mdogo wangu Rehema kwa ujumbe wa sauti usio na salamu, na kwa mtu aliyelelewa Mombasa hilo ni kofi. "Kaka, Athumani amepeleka barua ya kuacha kazi. Anasema anarudi nyumbani kusafisha mafuta. Nikimuuliza mafuta gani, ananionyesha makala yako. Uliiandika wewe, uje uifute wewe."

Athumani ni mumewe. Kwa miaka mingi alikuwa mwendesha mitambo katika kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, hadi siku matanuru yalipozimwa na kiwanda kikawa ghala la mafuta ya watu wengine. Mtu aliyejua hali ya tanuru kwa kusikiliza mngurumo wake, leo anapanga maboksi katika ghala la mizigo huko Malton, kando ya uwanja wa ndege.

Na makala yenyewe? Mafuta ghafi yaliyochimbwa Turkana yalipoletwa Mombasa kwa malori na kupakiwa melini, nilialikwa kwenye sherehe. Nilipewa kofia, chupa ya maji na kiti cha kivulini. Kwa malipo hayo makubwa nilirudi nyumbani nikaandika kwamba sasa mafuta yetu yatapikwa katika chungu chetu, na matanuru ya Changamwe yatanguruma tena. Meli ilikuwa inaondoka. Mimi, mwenye shahada mbili na miwani, niliitazama ikinipa mgongo, nikaandika habari za kuwasili.

Jumamosi alasiri, uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu angani. Athumani alinipokea kwa kunikumbatia, akaninyang'anya begi, akacheka kama mtu aliyeachiwa huru.

"Shemeji, umekuja kunichukua mwenyewe?"

Hotuba yangu ikaishia hapo.

Kingsview, mtaani kwao, jioni. Wanaishi ghorofa ya kumi na moja, katika mojawapo ya yale majengo marefu ya Dixon Road ambamo ukiingia kwenye lifti unasikia Kisomali, Kiswahili na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Makala yangu ilikuwa imebandikwa kwenye friji, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Salma, binti yao wa kidato cha pili, alinisalimia shikamoo kwa ufasaha, kisha akahamia Kiingereza na kuniuliza kama ni kweli atahamishwa shule kwa sababu ya gazeti.

"Muulize mjomba wako," Rehema alisema huku akiepua wali. "Ndiye mwenye kiwanda."

Baada ya kula, Athumani alipokwenda kuswali, dadangu alinibana jikoni. Barua ilikuwa mezani kwa msimamizi wa zamu. Msimamizi, kwa kumhurumia, alikuwa amempa hadi Jumanne aifikirie. Baada ya hapo nafasi yake ya asubuhi ingepewa mwingine.

"Sasa mwambie."

"Kesho."

"Wewe kuandika ni siku moja, kusema ni kesho."

Jumapili sikusema. Nilikuta sababu nzuri sana za kutosema, nyingi zikihusu uchovu wa safari.

Jumatatu, saa mbili unusu asubuhi. Athumani hakuwa na zamu siku hiyo. Aliniambia tunakwenda Sarnia, mji wa viwanda vya mafuta, mwendo wa saa tatu kuelekea magharibi. Huko anaishi Barasa, aliyefanya naye kazi Changamwe, ambaye alihamia Kanada mapema, akarudi darasani, akafaulu mitihani yao na kuajiriwa kiwandani. Athumani alitaka kumshawishi warudi pamoja. "Kiwanda kipya hakiwezi kuanza bila watu wawili wanaojua la kufanya," alisema.

Barabara kuu ilikuwa nyeupe pembeni kwa mabaki ya theluji. Mahamri ya Rehema yalikuwa kwenye karatasi ya fedha, chai ya tangawizi kwenye chupa. Athumani aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukinifundisha kazi.

"Yale ya Turkana yana nta. Yakipoa yanaganda kama samli. Ndiyo maana malori yalikuwa na matangi yaliyofunikwa yasipoteze joto. Mtambo wetu wa zamani yangeusumbua. Lakini si umeandika watajenga mwingine?"

"Niliandika hivyo?"

"Aya ya nne."

Saa tatu nzima nilikula mahamri. Kila nilipofungua kinywa niliweka andazi.

Sarnia, karibu na adhuhuri. Minara na matangi yalitokea upande wa mto, moshi mweupe ukipanda kwenye baridi. Athumani alisimamisha gari kando ya njia, akashusha kioo. Hakutazama. Alifumba macho akasikiliza, kisha akasema taratibu, "Tanuru hilo limetulia vizuri." Nikaona aibu kumtazama usoni.

Nyumbani kwa Barasa tulikaribishwa kwa ugali, sukuma wiki na samaki wa kutoka ziwani. Barasa ni mtu mpole mwenye tabia ya kunawa mikono mara mbili, kabla ya kula na kabla ya kubishana. Alimsikiliza Athumani hadi mwisho.

"Ndugu yangu, nani amekuajiri?"

"Bado. Lakini mafuta ni yetu, yatasafishwa kwetu. Hapa kwao si ndivyo?"

Barasa alicheka bila furaha. "Hapa kwao? Mafuta yao mengi yanauzwa kwa jirani, Marekani, yakiwa ghafi. Hata haya ninayoyasafisha mimi yanatoka magharibi ya nchi hii, yanapita kwa bomba chini ya ardhi ya Marekani, ndipo yanaingia tena Kanada hapa mtoni. Na huko mashariki kuna viwanda vinavyopokea mafuta ya nchi nyingine kwa meli."

"Hiyo ni akili gani?" niliuliza.

"Ni hesabu za mwenye mafuta. Lakini wanazijua. Kila mara wanagombana juu ya bomba lipite wapi na nani anunue. Mtoto wa shule hapa anaweza kukuchorea ramani yake." Akanigeukia. "Wewe mwandishi, bomba letu linapita wapi?"

Sikuwa na ramani. Nilikuwa na kofia tu.

Ndipo Athumani akaweka tonge chini. Alizungumza kwa upole ule wa mtu anayekagua valvu.

"Shemeji, ulipokuwa bandarini, uliona mtambo?"

"Sikuona."

"Uliona kiwanja cha kuujenga?"

"Sikuona."

"Mkataba?"

"Hapana."

"Meli ilikuwa inaingia au inatoka?"

"Inatoka."

"Imebeba mafuta ghafi?"

"Ghafi."

"Basi uliona nini?"

"Niliona hotuba," nikasema.

Barasa aliinuka kwenda kunawa, ingawa alikuwa amekwisha nawa.

Kurudi, alasiri. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Katikati ya njia aliingia kituo cha mafuta, akashika bomba la pampu na kulitazama kwa muda kabla ya kulichomeka kwenye gari. Halafu akasema yote kwa pumzi moja: kwamba alizima tanuru kwa mikono yake, kwamba waliambiwa ni kwa muda tu, kwamba kila uchaguzi mtu husimama jukwaani akaliwasha upya kwa mdomo, na kwamba hao alikwisha wazoea. "Wanasiasa sikuwaamini, Shemeji. Nilikuamini wewe. Nilisema huyu anajua kusoma, huyu ameuliza."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Kabla ya hapo nilikuwa na hasira ya kisomi, ile ya kutikisa kichwa gazetini. Tunachimba chini ya malisho ya watu ambao bado wanapikia kuni, tunayapeleka yakiwa machafu pwani, tunayapungia bendera, kisha tunanunua petroli ya wengine na kuimwaga katika matangi ya kiwanda tulichokizima. Inawezekana kuuza ghafi ndiyo njia yenye faida. Sijui, na Barasa hakudai kujua. Kinachonichoma ni kwamba hakuna aliyetuambia waziwazi, "Haya ni ya kuuza nje, wala hayatapita jikoni kwenu." Walituachia tudhani. Nasi tuliolipwa kuuliza tulikalia viti vya kivulini, tukaisaidia dhana hiyo kuwa nzuri zaidi.

Jumanne, Malton. Gari alikuwa nalo Rehema, kwa hiyo nilimsindikiza Athumani kwa mabasi mawili hadi ghalani kuiomba barua yake irudi. Nilibaki nje, upepo ukipita katikati ya malori, nikiwa nimevaa koti la kuazima lililonifika magotini. Alitoka baada ya nusu saa.

"Wamenirudisha."

"Alhamdulillahi."

"Subiri. Zamu ya asubuhi wameshampa kijana mwingine; hawakungoja. Mimi nitakuwa wa mwisho kwenye orodha, Jumamosi na Jumapili, na siku watakazoniita."

Rehema hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Wote watatu tulielewa bila kuelezana: nyumba ile haitakuwa tena na siku ya kukaa pamoja. Usiku ule dadangu alinipakulia chakula mimi wa kwanza, kama mgeni, na adabu hiyo iliniumiza kuliko masimango.

Alhamisi, kuondoka. Athumani alinipeleka uwanja wa ndege, kwa sababu shemeji ni shemeji. Alinipa mkono. Nilimwambia nitaandika masahihisho.

"Usiandike kwamba umekosea," alisema. "Kukosea kila mtu hukosea. Andika kwamba hukuuliza."

Mombasa. Kabla ya kufungua begi nilikwenda Changamwe, nikasimama langoni na kumuuliza mlinzi matangi yale yana nini. "Petroli ya nje, mzee," alinijibu kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa bahari ina nini. Ilinichukua dakika moja na nauli ndogo. Ningeweza kuuliza hivyo kabla ya makala, na Salma angekuwa bado anamwona baba yake siku za mapumziko.

Mhariri wangu alisema wasomaji hawapendi kuambiwa walidanganywa. Nikamwambia aandike wazi kwamba mdanganyaji ni mimi. Amekubali, ila masahihisho yangu ameyakata na kuyaweka chini ya tangazo la magodoro. Basi mnasoma hapa kirefu kile kilichokatwa kule: mafuta yale hayakuja kwetu, yalipita. Mkialikwa kupunga bendera, ulizeni kwanza kinachoondoka kinakwenda wapi.

Rehema anaendelea kunitumia ujumbe, sasa kwa salamu. Jana nilimuuliza kama Athumani amenisamehe. Akasema bado. Nikamwambia asimharakishe.