Shule ya Juu na Shule ya Bondeni

Nilizijua shule zile mbili kwa kuuza vitumbua. Asubuhi nilikaa na beseni langu mbele ya shule ya juu, kando ya Barabara ya Kilwa. Mapumziko yakiisha nilishuka na vilivyobaki hadi shule ya bondeni, ambako kengele ilichelewa kwa kuwa mwanafunzi aliyepaswa kuigonga alikuwa kwenye shamba la shule na wenzake. Zote zilikuwa shule za kati, za serikali, kuanzia darasa la tano. Mpita njia angesema zinafanana.

Watoto wa shule ya juu walinunua huku wakibishana hesabu, vidole vina wino. Wa bondeni walikuja na udongo mikononi, ikabidi niwapakulie mwenyewe wasishike vya wenzao. Mwalimu wao mmoja alifundisha madarasa mawili. Akiwa chumba hiki, kile kilikuwa soko. Wanawake wa mtaani kwetu Mtoni walisema shule ya juu inatoa makarani, ya bondeni inatoa mihogo.

Wazazi wetu walikuwa wamekufa, mama kwanza, baba mwaka uliofuata. Niliacha shule darasa la tatu, nikabaki na mdogo wangu wa kike. Yeye alifaulu mtihani wa darasa la nne, jambo ambalo kwa msichana wa mtaa wetu halikuwa dogo. Nilitaka aingie shule ya juu. Miaka ile sikutaka kitu kingine.

Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mteja wangu. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Nafasi ipo, binti," alisema. "Lakini wewe mwenyewe bado mtoto. Mlete baba yenu mdogo nizungumze naye."

"Baba mdogo hatuna, mwalimu."

"Basi mtu mzima yeyote wa ukoo. Kabla hatujafunga shule."

Nilipowasimulia wanawake bombani, walicheka.

"Si umchukue fundi baiskeli!" alisema jirani yetu, mjane wa Kizaramo mwenye maneno. "Mvalishe kanzu ya marehemu wangu, mwambie akohoe. Baba mdogo huyo!"

"Akiulizwa jina la mtoto je?" mwingine akadakia.

"Atakohoa!"

Nami nilicheka. Lakini kwetu, watu wa kusini, mtoto ni wa mjomba. Hata baba alipokuwa hai, neno kubwa juu yetu lilimngoja kaka yake mama. Kumkalisha mtu mwingine mahali pake ilikuwa kama kumzika angali mzima. Nikampelekea salamu kwa dereva wa lori.

Alikuja na gunia la korosho begani. Alivaa viatu kwa ajili ya mwalimu mkuu, wakazungumza vizuri, wakapeana mikono. Nafasi ikawa yetu. Jioni, akibangua korosho mlangoni, akaniambia:

"Mwanangu, umefanya la watu wazima. Sasa na mimi nina langu. Mdogo wako amekua, na wenzake wanaingia unyagoni likizo hii. Nitaondoka naye, nitamrudisha kabla shule haijafunguliwa."

"Na mvua je, mjomba?"

"Mvua iko wapi?"

Ningemkataliaje? Haki ileile iliyotupatia nafasi ndiyo iliyokuwa inamchukua mtoto.

Mvua ilinyesha mapema mwaka ule. Barabara ya kusini ikakatika ng'ambo ya Rufiji, malori yakalala. Shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu aliponunua vitumbua aliniangalia tu, nami nikasema, "Bado, mwalimu." Alingoja; siwezi kusema hakungoja. Kisha asubuhi moja alinunua bila kuniangalia, nikaelewa.

Mdogo wangu alirudi barabara ilipokauka, amenenepa, kajifunga kanga mpya, anaimba nyimbo ambazo mie niliimba kabla yake. Mjomba hakuvaa viatu safari hii. "Njia ni ya Mungu, mwanangu," alisema, wala hakukaa hadi jioni. Shule ya bondeni ilimpokea siku hiyohiyo. Pale nafasi haikukosekana.

Nilijiambia mwenye akili ni mwenye akili popote. Niliendelea kujiambia hivyo huku nikimwona kila mapumziko akija na udongo mikononi, ananyoosha jani nimpakulie kama wengine. Alipokuwa darasa la sita likaja neno la kujitegemea, kila shule ilime. Shule ya juu walilima mchicha mbele ya ofisi. Bondeni waliongeza shamba mpaka kwenye matete. Halafu darasa la nane likafutwa, na mtihani wa mwisho ukamjia mapema kuliko tulivyotazamia.

Majibu yalipotoka, shule ya juu walipiga ngoma. Niliisikia nikiwa nateremka na beseni. Bondeni hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari. Mwalimu aliwashukuru kwa mavuno, akawagawia.

Mdogo wangu aliingia na kikapu, akakitua jikoni.

"Dada, tuichemshe au tuichome?"

"Chemsha."

Tukala mihogo ile na chumvi. Kesho yake nilipoamka, mchele niliouloweka ulikuwa umeshatwangwa, naye ameinama juu ya kikaango akigeuza vitumbua kwa kijiti. Hakuna hata kimoja kilichoungua. Akaniuliza yeye akauze wapi.

Nikamwambia bondeni. Kule juu nitakwenda mwenyewe.