Koki Niliyoiacha Wazi

Jambo hili sikulitaka. Dada wa usalama amenijia mara tatu na daftari jipya, ananiambia, "Bibi, andika mwenyewe, wafanyakazi wapya wasome." Nikamwambia hapa darajani kuna wahandisi wenye kalamu tatu tatu mfukoni, kwa nini aje kumsumbua mfagiaji aliyeishia darasa la pili? Akasema wao hawakuwepo pale penye koki. Hapo akanishika. Basi naandika, lakini nikikosea herufi mtu asinicheke, maana na nyinyi mkishika ufagio huwa nawaona.

Mimi nafagia. Nimefagia soko, nimefagia stendi, nimefagia hospitali miaka kumi na mmoja, na watoto wangu wanne wamekula na kusoma kwa ufagio huo huo. Mume wangu alipofariki watu walisema nitarudi kwetu. Sikurudi. Daraja lilipoanza kujengwa nilikwenda getini siku nne mfululizo. Siku ya tano msimamizi akachoka kuniona, akasema, "Mwacheni aingie, bibi huyu atatuotea mizizi mlangoni."

Kazi yangu si kufagia tu. Karibu na mto kuna tangi kubwa la dizeli ya mitambo. Limezungushiwa ukuta wa saruji unaonifika kiunoni, na chini pia ni saruji, ili likivuja mafuta yabaki humo humo. Sisi tunaliita beseni. Mvua ikinyesha, beseni hushika maji, kwa hiyo kwa chini upande wa nyuma kuna koki ya kuyatoa. Bomba lake linapita chini ya barabara ya malori mpaka mtaroni, na mtaro unaingia mtoni.

Kuyatoa maji hayo ni kazi yangu. Asubuhi baada ya mvua naangalia kwanza kama yanang'aa rangi rangi, nachovya kidole, nanusa. Yakiwa safi nafungua koki, nasimama hapo hapo mpaka yaishe, nafunga. Yakinuka sigusi kitu, naita watu waje na pipa. Kusimama hapo hapo ndiyo sheria yenyewe, na mimi nimeshawafokea watu wawili kwa sheria hiyo.

Na mjue kitu kimoja. Ukifuata mto kutoka darajani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, utakuta pampu inayovuta maji ya mtaa wetu. Maji anayonyweshwa mjukuu wangu wa miezi minane yanatoka hapo.

Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha kwa nguvu. Saa mbili asubuhi nikafungua koki. Maji safi, yanatoka taratibu. Nikasimama. Miguu ikaanza kuniuma, nikatazama chini, na hasira zikanipanda upya: mtunza stoo alikuwa amenipa buti mpya, na zote mbili ni za mguu wa kushoto. Nikasema naenda mara moja narudi.

Mtunza stoo akazishika, akazigeuza geuza. "Mama, buti hazina kosa. Labda mguu."

"Mguu wangu?"

"Huo wa kulia. Naona umekaa kikushoto kushoto."

Waliokuwepo wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sijazoea kuchekwa nikanyamaza. Tulivutana pale karibu saa nzima, nikamtoa jasho, nikaondoka na buti ya kulia na ya kushoto, na glavu juu yake. Nikapanda darajani na ufagio, kichwa kimevimba kwa ushindi. Koki nilikuwa nimeisahau kabisa.

Saa nne likaja lori la mafuta kujaza tangi. Dereva akaunganisha mpira, akafungulia, kisha akaenda kivulini kusainiwa karatasi zake. Nikiwa kule juu nikasikia mlio kama wa shuka linalochanika. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye tangi, unajirusha huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa, na dizeli inamwagika ndani ya beseni. Mpaka dereva akimbie na kufunga kwenye lori, mafuta yalikuwa yameshafika usawa wa magoti.

Msimamizi akainua mikono miwili. "Tulieni! Beseni limeshika, hakuna tone lililotoka nje. Zimeni mashine, zimeni sigara, tutayavuta taratibu."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kumtania dereva eti sahihi yake ina thamani kuliko lori. Mimi hapo ndipo nilipoikumbuka koki.

Nitasema kweli, maana nimeshaanza. Sikupiga kelele. Niliwaza hivi: nikishuka polepole na ufagio wangu, kama mtu anayekwenda zake, nitaifunga koki na hakuna atakayejua. Nikashuka ngazi nikitembea. Nikampita mtunza stoo, nikamsalimia. Nikampita msimamizi, akaniambia, "Bibi, kaa mbali na mafuta," nikamjibu, "Sawa, baba." Na muda huo wote dizeli ilikuwa inapita kwenye bomba, chini ya barabara ile ile niliyokuwa naikanyaga.

Nyuma ya beseni watu hawapiti. Koki niliisikia kabla sijaiona, inakoroma. Nikaishika, nikazungusha. Ikaenda nusu, ikagoma. Kokoto ilikuwa imeingia na maji ya mvua, imekaba ndani. Nikazungusha kwa mikono miwili. Nikaigonga kwa mpini wa ufagio, mpini ukavunjika. Glavu zikawa zinateleza, harufu ikanipanda kichwani, macho yakatoa machozi. Nikanyoosha shingo kutazama mtaro ng'ambo ya barabara. Ulikuwa unang'aa zambarau na kijani mpaka mwisho wake.

Nikaita kwa sauti yote niliyo nayo. "Koki iko wazi! Inakwenda mtoni! Nimeiacha mimi!"

Msimamizi akaja mbio, macho yamemtoka. "Nani kaiacha?"

"Si nimesema mimi! Unataka niimbe?"

Dada wa usalama hakuuliza nani. Alisema, "Fundi seremala, kizibo!" Fundi akachonga kipande cha mbao, akakizungushia matambara, akaruka mtaroni na kukipigilia kwenye mdomo wa bomba kwa nyundo kubwa, pu, pu, pu, mpaka mkoromo ukazimika. Wanne wakarundika magunia ya mchanga kuuziba mtaro. Wengine wakaleta soseji. Soseji ndivyo tunavyoyaita yale magunia marefu membamba yanayonyonya mafuta na kuacha maji. Yalitakiwa kuwa sita, yakaonekana manne. Mawili yalikutwa kibandani kwa mlinzi, ameyafanya kitanda. Sikumsema. Siku hiyo sikuwa na mdomo wa kumsema mtu.

Dada wa usalama akanishika bega. "Bibi, nitazame. Yametoka kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Na zaidi. Nilitembea."

"Ulifanya nini?"

"Nilitembea badala ya kukimbia. Nilitaka nifunge pasipo kuonekana."

Akanitazama, akautazama mto. Utando wa mafuta, upana wa mkeka, ulikuwa umeshapita nguzo ya pili, na mto ulikuwa umejaa, unakimbia. "Pampu," akasema. Akapiga namba ya ofisi ya maji iliyobandikwa ukutani. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Mwendesha pampu ninayo namba yake," nikasema. "Ni shemeji yangu."

Sikumwambia kwamba ni miaka sita hatujasemezana. Mdogo wa marehemu mume wangu huyo. Alikuja kwangu nilipojenga jiko, akasimama mbele ya wageni akasema ukuta umepinda, na kwamba mimi nikikosea hata mbingu zianguke siwezi kukiri. Nikamfukuza na chai yake mkononi.

Nikapiga, akapokea. Nyuma yake pampu inanguruma.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiyo nani?"

"Shemeji yako. Zima pampu."

"Eeh! Leo jua limetokea wapi? Shemeji mwenyewe! Ule ukuta umenyooka?"

"Zima pampu, dizeli inakuja mtoni."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi."

"Wewe husema mengi, shemeji. Mkubwa wangu anataka karatasi. Nikizima bila karatasi mtaa mzima utanikalia kooni, na wewe utakuwa wa kwanza kuja na ndoo."

Dada wa usalama akanyoosha mkono achukue simu. Sikumpa. Yeye angeeleza vizuri, kwa majina ya kitaalamu, na shemeji angemwambia alete karatasi. Watu wote walikuwa wamesimama wananisikiliza, mtunza stoo akiwa mbele.

"Nimekosea," nikasema.

Nikasikia akiibana simu sikioni.

"Umesema nini?"

"Nimekosea. Nilifungua koki, nikaenda kugombania buti, nikaisahau. Mimi, si mtu mwingine. Halafu nikataka kuficha. Shemeji, yule mtoto anakunywa maji hayo."

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia viatu vinakimbia juu ya bati. Simu ameiacha wazi, pampu inanguruma, inanguruma, nami nimeshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kisha ule mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukakatika. Nikasikia maji ya mto tu.

Aliporudi alikuwa anahema. "Nimezima. Nauona utando unakuja huo, shemeji. Uko kwenye kona ya mto." Akavuta pumzi. "Ungesema lingine lolote nisingeamini."

Tulisafisha siku mbili. Unga wa mbao tuliomwaga unyonye mafuta haukutupwa shimoni, ulitiwa kwenye mapipa yenye alama na kupelekwa kunakohusika. Mtaa ulikaa bila maji mpaka wapimaji waliporidhika, na majirani walinisema mpaka wakachoka. Nilipewa barua ya onyo, nikaisoma mwenyewe, nikaitia sahihi. Walitaka kumpa koki mtu mwingine. Nikakataa. Nikasema mwingine hajui inavyoumiza. Sasa tunafungua wawili, na mtu haondoki hata akiitwa na mhandisi mkuu. Ukuta wa jiko haujapinda, hilo nimeshamwambia shemeji, na tunaendelea kubishana vizuri.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, weka daftari chini. Nenda nyuma ya beseni sasa hivi, ishike hiyo koki kwa mkono wako, izungushe mpaka mwisho, usikilize kama kuna kokoto. Halafu njoo unieleze mwenyewe, kwa mdomo wako, umeikuta wazi au imefungwa. Nafagia upande wa geti. Usinitumie mtu.